Umeshaomba kazi, simu iko kimya: namna ya kungoja majibu ukiwa Kigoma

Ukishatuma maombi, au ukishaacha bahasha kwa mlinzi wa getini, kila mtu anakuambia usubiri. Hakuna anayekuambia usubirie wapi. Matokeo yake mtu anangoja simu kutoka kwa mwajiri asiyepiga simu, au anangoja barua kutoka kwa mwajiri asiyeandika barua, na kazi inapita pembeni yake bila yeye kujua.

Mimi nashinda kwenye steshenari hapa Mwanga, mjini Kigoma, nachapa barua na kupakia vyeti vya watu. Ninachokiona ni kwamba wengi wanaokosa kazi baada ya kuomba hawakosi kwa sababu CV ni mbaya. Wanakosa kwa sababu majibu yalikuja kwa njia ambayo hawakuwa wanaiangalia. Serikali hutoa majina mtandaoni na kukuachia wewe uyatafute. Shirika la misaada linalofanya kazi kwenye kambi za wakimbizi hukuandikia barua pepe. Mwenye duka, hoteli au boti hupiga simu mara moja, akikukosa anampigia anayefuata. Mkoa wetu una waajiri wa aina zote hizo, na kijana mmoja huwa ameomba kwa wote ndani ya mwezi mmoja. Kwa hiyo kila ombi linahitaji kungojewa kivyake.

Hatua ya kwanza: kabla hujainuka kwenye kompyuta

Hifadhi tangazo lenyewe. Siku ya mwisho ikipita, tangazo mara nyingi huondolewa, na ukiitwa kwenye usaili utataka kujua majukumu yaliyoandikwa yalikuwa yapi. Lipige picha au lihifadhi kama PDF. Hifadhi pia barua uliyotuma na CV uliyotuma, kwa sababu mtu akishaomba sehemu nyingi anakuwa na CV tatu zinazotofautiana, halafu msailiji anamuuliza kitu ambacho hakumbuki aliandika.

Kisha nunua daftari dogo. Andika nafasi, mwajiri, kituo cha kazi, tarehe ya kufunga maombi, njia uliyotumia kuomba, na wadhamini uliowataja. Mstari mmoja kwa kila ombi unatosha. Ukipigiwa simu uko sokoni ukaulizwa "uliomba nafasi gani kwetu?", usianze kubabaika.

Suala la akaunti nitalieleza kwa urefu. Watu wengi walifunguliwa barua pepe na kijana wa steshenari. Nywila anaijua yule kijana, au iliandikwa kwenye karatasi ikapotea, na namba ya kurejeshea akaunti ni ya laini iliyokwisha fungwa. Siku ya kuomba haileti shida kwa sababu yule kijana yupo. Shida inakuja wiki kadhaa baadaye, jina limetoka, tangazo linataka uingie kwenye akaunti yako unakili namba ya usaili, na wewe huwezi kuingia. Nimeona mtu anatafuta kijana aliyehamia Kahama ili apate nywila yake mwenyewe.

Kwa hiyo fungua barua pepe yako kwa simu yako, kwa majina yako rasmi yaliyo kwenye cheti. Namba ya kurejeshea iwe yako, iliyo hewani. Nywila ya barua pepe na ya Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali, ziandike mahali pa nyumbani ambapo panya na wadogo zako hawafiki. Kama umetumia kompyuta ya watu, toka kwenye akaunti na ufute vyeti vyako vilivyobaki kwenye mashine. Nasema haya nikiwa mwenye mashine: vyeti vya watu hubaki pale kwa miezi, na si kila anayekaa kwenye kile kiti ni mwema.

Hatua ya pili: hakikisha unapatikana

Laini uliyoandika kwenye CV iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Piga *106# uone namba zilizo kwa jina lako. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na baadaye hupewa mtu mwingine, kwa hiyo kama una laini mbili, usiache ile ya kwenye CV ikalala droo.

Weka namba ya pili ya mtu anayejua kuongea, hasa kama kwenu ni mwambao wa kusini kule Buhingu na Kalya, au unapanda shamba milimani Buhigwe na mtandao unakuja na kupotea. Huyo mtu mwambie umemwandika. Mwambie pia akipigiwa aseme nini: "Ndiyo, ni mdogo wangu, naomba nichukue ujumbe na namba, atakupigia ndani ya saa moja." Shangazi ambaye hajaambiwa kitu atasema "huyo hayupo" na kukata.

Usikate simu ya namba ngeni ukidhani ni mtu wa mikopo. Picha ya WhatsApp na mlio wa muziki wanaousikia wanaokupigia viwe ambavyo huwezi kuvionea aibu mbele ya bosi. Barua pepe ifungue kila siku, pamoja na lile kasha la barua taka, maana mialiko ya mashirika hupenda kuangukia humo.

Wadhamini nao. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, ofisi inayoajiri kwa niaba ya serikali, yanataka wadhamini watatu wa kuaminika, na mashirika huwapigia kweli. Mwalimu wako wa chuo aliyekufundisha miaka minne iliyopita hakukumbuki kwa jina tu. Mtumie ujumbe: umeomba nafasi gani, wapi, na ulimaliza kwake mwaka gani.

Hatua ya tatu: tambua ukimya ni wa nani

*Serikali.* Ajira nyingi za utumishi wa umma, zikiwemo za halmashauri zetu kuanzia Kigoma Ujiji mpaka Kakonko, hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, Dodoma, na maombi hutumwa kwa Ajira Portal. Baada ya mchujo wa nyaraka hutoka tangazo la kuitwa kwenye usaili. Ni faili refu, kurasa na kurasa za majina kwa kada. Lipakue kutoka tovuti ya Sekretarieti yenyewe, siyo kutoka kwenye kundi la WhatsApp. Majina ya zamani husambazwa upya yakiwa na kichwa kipya, na watu wamewahi kupanda basi kwa orodha ya mwaka uliopita.

Unapotafuta jina, tafuta la kwanza, halafu la kati, halafu la ukoo, kila moja peke yake. Kosa dogo la herufi linakuficha. Ukijiona, soma tangazo lote. Litaeleza tarehe, saa, mahali, na aina ya usaili: kuna mchujo wa kuandika, kuna wa vitendo kwa kada kama udereva, na kuna mahojiano ya ana kwa ana. Namba ya usaili unainakili mwenyewe kwenye akaunti.

Usipojiona, ingia kwenye akaunti yako uangalie hali ya ombi. Mara nyingi utakuta sababu: cheti hakikuwekwa, barua haikusainiwa, sifa hazilingani na tangazo. Hiyo sababu ina faida kuliko lawama zote za kijiweni, kwa sababu inarekebishika kabla ya tangazo lijalo.

Baada ya usaili kuna ukimya mwingine, na huu ndio unaochanganya watu. Anayefaulu si lazima apangiwe kazi papo hapo. Nafasi zikiwa chache kuliko waliofaulu, waliobaki huwekwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya akiba, na wanaweza kupangiwa nafasi ikipatikana. Kwa hiyo matangazo ya kuitwa kazini yafuatilie hata miezi baada ya usaili, ukiwa unaendelea na mambo yako. Muda hautabiriki. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa miezi, na hakuna mtu wa Kigoma anayeweza kuuharakisha, hata akikuambia ana mjomba Dodoma.

*Mashirika.* Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo Kasulu tangu 1996, na kwa miaka mingi kijana wa Kigoma mwenye cheti aliangalia kambi kama mwajiri mkubwa. Hali imebadilika. Kambi ya Mtendeli, Kakonko, ilifungwa 2021, na Marekani ilipokata misaada mwanzoni mwa 2025 miradi mingi ya misaada ilipunguzwa au kusimama. Ninalitaja hili kwa sababu linaeleza aina ya ukimya ambayo haihusiani na wewe: nafasi inatangazwa, maombi yanakusanywa, kisha fedha ya mfadhili haiji na nafasi inakufa bila taarifa kwa mtu yeyote.

Mashirika karibu yote huandika kwamba watakaowasiliana nao ni waliochaguliwa kwa usaili tu. Waamini. Hawatakuandikia kukuambia umekosa. Soma pia kama tangazo linasema maombi yatapitiwa kadiri yanavyoingia. Likiwa hivyo, wanaweza kuita watu kabla ya tarehe ya kufunga, na anayesubiri siku ya mwisho amechelewa tayari. Mwaliko wao huwa mfupi na wa haraka: mtihani wa kuandika keshokutwa, Kasulu au Kibondo, jibu leo kama utafika. Jibu ndani ya saa chache.

*Wafanyabiashara na wakandarasi.* Hapa hakuna mfumo. Mwenye hoteli, duka la vifaa vya ujenzi, maabara ya mtu binafsi au kampuni ya mizigo bandarini huajiri siku mtu wake anapoondoka. Barua yako inaweza kukaa droo miezi mitatu, kisha ukapigiwa Jumapili jioni uanze Jumatatu. Kwa vibarua vya barabara na reli, mara nyingi majina hupita ofisi ya kijiji au mtaa, au hupatikana getini kwa mkandarasi asubuhi. Anayeonekana ndiye anayekumbukwa.

Hatua ya nne: kufuatilia bila kuwa kero

Serikalini hufuatilii kwa kupiga simu kuulizia jina lako. Unafuatilia kwa kuangalia tovuti na akaunti. Chagua siku mbili za wiki, angalia, funga. Kuangalia kila saa kunamaliza bando na moyo.

Kwa mashirika, kama tangazo halijakataza mawasiliano, ngoja wiki mbili baada ya tarehe ya kufunga kisha andika mara moja, kwa anuani ileile uliyoombea, na kichwa cha barua kiwe na jina la nafasi. Kitu kama hiki kinatosha:

"Habari za kazi. Naitwa (majina matatu). Niliomba nafasi ya Msaidizi wa Ghala, Kasulu, iliyofungwa tarehe 14 mwezi uliopita. Naomba kufahamu kama mchujo umekamilika. Bado ninaihitaji nafasi hiyo na ninaweza kufika Kasulu siku nitakayoitwa. Asante. (namba ya simu)"

Usiongeze habari za wazazi wagonjwa wala ada za wadogo zako. Ni za kweli, najua, lakini anayesoma hana sanduku la kuziweka. Wasipojibu, usiandike tena.

Kwa mfanyabiashara, miguu inashinda barua. Pita asubuhi kabla wateja hawajajaa, au saa tisa mchana. Nguo safi, nakala ya CV mkononi.

"Shikamoo mzee. Mimi ndiye niliyeleta barua ya kazi ya kaunta wiki ile. Nimepita kuwasalimu na kuuliza kama mmeshaamua."

"Marahaba. Bado, mwenye duka kasafiri."

"Sawa mzee. Anarudi lini nipite nimwone?"

Swali la "lini" ndilo linalokupa siku ya kuandika kwenye daftari. Usiondoke bila hilo. Na muheshimu mlinzi na dada wa mapokezi kama unavyomheshimu bosi, kwa sababu wao ndio wanaojua nani anaondoka mwezi ujao.

Hatua ya tano: wanaowinda wanaongoja

Tapeli anajua kwamba mtu aliyeomba kazi anasubiri simu. Hilo tu linamtosha. Anapiga, anakutaja kwa jina, pengine na nafasi uliyoomba kwa sababu uliandika kwenye kundi, halafu anakuambia umepita na kinachobaki ni hela ya fomu, ya sare, ya vipimo vya afya, au ya "kulinda jina lisitolewe".

Sekretarieti ya Ajira haitozi pesa kuomba, kusailiwa wala kupangiwa kazi. Mashirika ya Umoja wa Mataifa hayatozi pesa katika hatua yoyote ya ajira. Ukitajiwa pesa ya kutuma kwa namba ya mtu, mazungumzo yameisha, hata kama ni elfu kumi. Shaka nyingine ziwe hizi: umepewa kazi bila usaili wowote, "shirika kubwa" linaandika kwa barua pepe ya bure, unaharakishwa uamue kabla ya saa kumi, unaombwa picha ya kitambulisho cha NIDA kwa WhatsApp kabla hujaona ofisi. Namba ya tapeli itume kwenda 15040.

Kuna jingine linalosemwa kwa sauti ya chini, nalo linawapata hasa dada zetu: mtu mwenye uamuzi wa ajira anataka mkutane "mahali tulivu" kwanza. Hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa 113. Tunza ujumbe wake, usifute kwa hasira.

Hatua ya sita: nyaraka na nauli viwe tayari

Kati ya simu ya kuitwa na siku ya usaili kuna siku chache. Kutoka Kigoma, sehemu yake inaliwa na safari. Mabasi ya kwenda Tabora na Dodoma huondoka alfajiri na unashinda barabarani. Treni ya Reli ya Kati haiondoki kila siku. Tangazo litasema wazi kwamba msailiwa anajigharamia usafiri, chakula na malazi. Kwa hiyo akiba ya nauli ya kwenda na kurudi na chumba cha usiku mmoja au miwili ni sehemu ya maombi ya kazi. Anayeuza dagaa Kibirizi akiweka kidogo kidogo anafika. Anayengoja kuitwa ndipo akope, mara nyingi anaambiwa hata mkopeshaji naye hana.

Vyeti halisi viwe pamoja, kwenye bahasha ngumu: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kama unacho, na vya chuo. Hati za matokeo na barua za muda hazikubaliwi kwenye usaili wa Sekretarieti, na kila msimu kuna watu wanaorudishwa mlangoni kwa hilo. Kitambulisho kinaweza kuwa cha NIDA, cha mpiga kura, leseni ya udereva au hati ya kusafiria. Kama huna, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au kijiji.

Majina. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Hamisi na cha kidato cha nne kinasema Khamis, rekebisha sasa kwa wakili, upate hati ya kisheria ya majina iliyosajiliwa. Kama ulisoma Burundi au Kongo, jambo ambalo kwetu si geni, vyeti vyako vinahitaji kuhakikiwa na mamlaka za hapa: NECTA kwa sekondari, NACTVET au TCU kwa vyuo. Yote haya huchukua muda, na muda wa kungoja ndio ulio nao.

Muda unaobaki ufanyie kazi yoyote yenye tarehe na mtu wa kuithibitisha. Kujitolea zahanati, kufundisha masomo ya ziada, kuandika hesabu za mtu wa mawese Mwandiga, vyote vinaandikika kwenye CV. Nyumbani watauliza kila siku "wamekupigia?" Waonyeshe daftari, waone nini kinangojwa wapi. Maswali yanapungua.

Hatua ya saba: kufunga mstari

Mimi huwaambia watu hivi. Kwa shirika, mwezi mmoja na nusu baada ya tarehe ya kufunga bila neno, piga mstari kwenye daftari. Kwa mfanyabiashara, ukishapita mara tatu na kuambiwa bado, acha namba yako, usirudi mpaka usikie kuna nafasi. Kwa serikali hufungi mpaka tangazo la usaili wa kada yako litoke na usiwemo. Na kama ulifanya usaili, unaendelea kuangalia. Kupiga mstari siyo kufuta, wakikupigia baadaye bado unazo taarifa zako zote.

Ikitokea umeshaanza kazi dukani kisha ukaitwa usaili Dodoma, mwambie mwenye duka mapema, siku ileile, ili apange mtu. Kutoroka kwa kisingizio cha msiba kunagundulika, na Kigoma ni ndogo.

Ukipata kazi kwa mtu binafsi, omba masharti yaandikwe: cheo, mshahara, saa, mahali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo hayo kwa maandishi. Ukipata ya serikali, angalia barua yako inapatikana wapi na una siku ngapi za kuripoti kituoni, kisha ujue jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: ukishakuwa mtumishi wa umma huruhusiwi kuomba tena nafasi za kuingilia kama mwombaji mpya, na ukijipatia sifa za kada nyingine, barua yako ya maombi itapita kwa mwajiri wako kwanza. Kwa hiyo kama kuna ombi jingine la serikali ulilokuwa unalitaka zaidi, liamue kabla hujasaini.